Neno Alilolisema kwa Kiingereza

Jumatatu hiyo kliniki ya macho ilikuwa imefurika hadi mlangoni. Karani, aliyevaa blauzi ya bluu iliyonyooka kwa pasi na kuchomeka kalamu mbili kwenye nywele, alikuwa akiita wagonjwa bila hata kuinua kichwa. Akaingia kijana mrefu, shati jeupe, begi begani, akafungua mdomo aseme jambo.

"Kaa pale, kaka. Funika jicho la kushoto, usome ubaoni mpaka utakaposhindwa."

Kijana akakaa, akafunika jicho, akasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho, ule ambao hata daktari mwenyewe anausoma kwa kukariri.

"Macho yako mazima," karani akamwambia. "Sasa umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kufunga programu ya kuandika kwa sauti. Mimi ni fundi wa kompyuta."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia nisome, dada. Nikaona nisiharibu kazi ya watu."

Foleni nzima ikacheka. Karani naye akacheka, uso kaufunika kwa faili la mgonjwa.

Programu yenyewe ilikuwa hivi: daktari anazungumza, kompyuta inaandika. Ripoti za kwenda hospitali kuu ni za Kiingereza, barua za wagonjwa ni za Kiswahili. Lugha zote mbili ilizijua, ila kwa zamu. Ukiiweka kwenye Kiswahili, inaandika Kiswahili tu, na Kiingereza chochote inakiruka na kuacha nukta. Kwa wiki sita fundi alikaa ubavuni mwa karani akimfundisha kubadili lugha na kusahihisha, na karani akimrudishia kila barua isiyomridhisha.

Jioni simu zikaanza.

"Umefika salama, mwalimu wangu mkali?" fundi anauliza.

"Nimefika. Umekula?"

"Nitakula vipi, na wewe umeondoka bila hata kuniaga?"

"Si nilikupungia mkono?"

"Mkono haushibishi, mpenzi."

Tusizunguke: karani alimpenda. Alimpenda hadi akawa anapiga pasi blauzi mbili kila asubuhi ili achague moja. Tatizo ni kwamba fundi alikuwa bingwa wa utani, lakini akifika kwenye mambo ya moyoni alikuwa akiyamung'unya kwa Kiingereza, nusunusu, kisha anakohoa na kuuliza habari za kazi. Na kazi ilikuwa inaisha Ijumaa, baada ya hapo kampuni inampeleka mji mwingine. Karani alikuwa akingoja neno moja tu kabla ya siku hiyo.

Jumanne alirudi kutoka kula mchana akakuta fundi katoka na kipaza sauti kimeachwa wazi. Kompyuta, kwa utiifu wake, ilikuwa imeandika kila ilichokielewa kwenye simu aliyokuwa akizungumza na dada yake:

*Hapana, dada… Kazi inaisha Ijumaa, nafungasha… Huyo karani? Msumbufu huyo, ananichosha… Usimwambie mama kitu… Sitaki kurudi huku tena…*

Alisoma mara tatu akiwa amesimama. Akakaa. Kumbe wiki sita zote alikuwa msumbufu. Akahifadhi faili, akaenda kunawa uso.

Tangu hapo fundi akipiga simu, haipokelewi. Akisalimia, anajibiwa kama mgonjwa aliyekosea siku.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Alhamisi.

"Hujanikosea kitu. Kuna barua kumi na mbili hazijatoka."

Ijumaa ikafika. Fundi akaja kukabidhi kazi, macho mekundu, shati halijapigwa pasi.

"Limebaki somo moja," alisema taratibu. "Daktari akichanganya lugha, sauti yake inabaki humu hata kama maandishi hayajakamilika. Unabadili lugha, unairudia sauti ileile, na zile nukta zinajazwa. Chagua faili lolote ujaribu."

Karani akachagua la Jumanne. Alitaka fundi aone aibu, basi. Fundi alipoona mstari wa kwanza akanyoosha mkono kuzuia, lakini karani alikuwa ameshabonyeza.

Nukta zikaanza kujaa, moja baada ya nyingine. Ilikuwa Kiingereza, ila nakupa kwa Kiswahili tusisumbuane.

*Hapana, dada, siumwi mwili, moyo ndio unaoniuma. Kazi inaisha Ijumaa, nafungasha, na sijui nitamuagaje. Huyo karani? Msumbufu huyo, ananichosha, barua moja narudia mara tatu, na ninafanya makosa makusudi ili nikae naye zaidi. Usimwambie mama kitu mpaka nimuulize mwenyewe. Sitaki kurudi huku tena kama fundi. Nataka kurudi kama mume wake.*

Nje wagonjwa walikuwa wakikohoa na kuburuta viti.

"Ndiyo maana ulikasirika," fundi akasema.

"Kwa Kiswahili," karani akajibu.

"Nini?"

"Dada yako umemwambia kwa Kiingereza. Kompyuta nayo imeandika kwa Kiingereza. Mimi bado sijaambiwa. Niambie kwa Kiswahili, tena uniangalie."

"Naona haya."

"Najua. Nangoja."

Fundi akameza mate. Masikio yalimwiva hadi shingoni. Akakohoa, akafungua mdomo, akaufunga. Karani hakumsaidia hata kidogo.

"Nakupenda," akasema hatimaye. "Nakupenda sana, na nataka nikuoe, kama utanikubali."

Machozi yakamtoka karani, akayafuta kwa kiganja.

"Nimekubali. Na unisamehe, siku tatu hizi nimekuchukia."

"Sana?"

"Sana. Nilikuwa nakupenda, ulitaka nifanyeje?"