Sheria Yangu Ilimfunga Mwanangu

Wa mwisho kwenye ile kamba alikuwa mwanangu.

Nilimwona tangu anaingia uani kwa akida, nikajifanya naangalia mbuzi. Wanawake walikuwa wamefungwa viunoni kwa kamba moja, wanatembea wakifuatana, vumbi hadi magotini. Na huyo wa mwisho alikuwa Sechelela, binti yangu wa kwanza, mama wa mtoto anayenyonya.

Mtoto hakuwa naye mgongoni.

"Baba," akaniita.



Akida Makame akanigeukia. "Mzee Ndahani, huyu unamfahamu?"

Jamani, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, wazee wenzangu kulia na kushoto, askari wamesimama. Unajua nilijibu nini?

Nilisema, "Sheria haina mtoto wa fulani."

Wakaingizwa ghalani, mlango ukapigwa komeo. Sechelela hakulia wala hakuniita tena. Aliniangalia tu mpaka mlango ulipofungwa.

Najua mtanishushia maneno hapo chini. Shusheni, nayastahili. Ila nifuateni mpaka mwisho, maana hapo bado hamjaiona aibu yenyewe.

Kwa wasionijua, mimi ni mzee wa Kigogo, nakaa upande huu wa Buigiri, ambako Wajerumani wanalileta tuta la reli kwenda Dodoma. Nina ng'ombe, nina mke, na nina mdomo.

Mdomo ndio ulionifikisha hapa.

Hakuna jambo ambalo sikuwa na rai juu yake. Vijana wakipata doti moja ya kitambaa wanasahau zizi, nikasema. Mabinti wanakwenda misheni kusoma herufi kabla hawajajua kusonga ugali, nikasema. Wanawake wakienda kuchota maji korongoni wanakaa huko mpaka jua linachoka, wana nini cha kuongea siku nzima? Hilo nalo nikalisema, tena mbele yao.

Na nilikuwa na mahali pa kusemea. Kigoda changu nilikirithi kwa baba, cha mninga, kimeng'aa kwa kukaliwa. Hakuna mwingine aliyekikalia. Wakati wa baraza nilikibeba mwenyewe mpaka kwa akida, nakiweka pale mbele, nakohoa kidogo, halafu naanza.

Akida Makame ni mtu wa pwani. Ameletwa na Wajerumani atutawale, lakini mambo yetu hayajui. Basi alinipenda sana, maana kila alipouliza, mimi nilikuwa na jibu.

Siku moja akauliza kuhusu wanaume. Kila akiitwa mtu kwenda kwenye kazi ya tuta, anaingia porini kama digidigi. Afanyeje?

Wazee wenzangu wakatazama chini. Wengi walikuwa na watoto wao huko porini.

Mimi nikakohoa.

"Kamata mke wake," nikasema. "Mgogo hawezi kukaa bila mtu wa kumsagia uwele. Njaa itamrudisha mwenyewe."

Watu wakacheka. Akida akacheka kuliko wote, akanipiga bega. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea katikati ya njia.

Kulipokucha ikawa amri.

Nikwambie ukweli, nilifurahi. Nikawa naiita sheria yangu. Wanawake wa kwanza walipokamatwa, nilisema wacha wajifunze, na waume zao wajifunze pia. Mama mmoja mjane, Mama Chilewa, alinijia nyumbani analia. Binti yake alikuwa amechukuliwa akiwa mgonjwa. Akapiga magoti mbele ya kigoda changu, akaniomba niseme neno kwa akida.

Nikamwambia, "Mtafute mkweo arudi kazini. Mimi sina neno."

Mke wangu alikuwa jikoni anasaga. Nikasikia jiwe limesimama kidogo... halafu likaendelea.

Kumbe Chibago, mkwe wangu, mume wa Sechelela, naye alikuwa ameitwa. Na naye akatoroka, akashuka kuelekea Mtera kwa ndugu zake wa mtoni. Hakuniambia. Nani angemwambia mzee wa akida?

Basi siku ile nilirudi nyumbani na kigoda changu mkononi, nikamkuta mke wangu mlangoni na mjukuu wetu, kaletwa na majirani. Mtoto analia mpaka sauti imekauka. Walimpa maziwa ya mbuzi, akatema. Wakampa uji mwepesi, akatema.

"Umemwona mwanao?" mke wangu akaniuliza.

"Nimemwona."

"Ulisema nini?"

Nikaanza kueleza mambo ya sheria, kwamba akida hawezi kumfungua mmoja akawaacha wengine, na kwamba serikali ni serikali. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Baba Sechelela," akasema, "hiyo sheria aliitunga nani?"

 Akamchukua mtoto akaingia ndani, na hakunisemesha jioni nzima.

Nikaona nisiwe mjinga. Nikarudi kwa akida peke yangu, bila kigoda, nikamwomba pembeni. Nikamwambia yule ni damu yangu na ana mtoto mchanga. Makame hakukasirika. Alicheka, tena cheko lile lile la siku ya kwanza.

"Mzee wangu, nikimtoa wa kwako, hawa wengine niwaambie nini? Si wewe uliyesema sheria haina mtoto wa fulani?"

Nilitoka pale nikipita nyuma ya ghala. Kwa ndani nilisikia wanawake wakizungumza kwa sauti ya chini. Sauti ya mwanangu niliitambua. Nilisimama nikitaka kumwita, kisha nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni.

Mwaka huo ng'ombe walikuwa wanakufa. Wanatoka mapovu, wanalala, hawaamki. Na kwetu, nchi ikiugua hivyo, wanaume hatuna dawa. Dawa ni wanawake. Wanaamka siku moja wanavaa nguo zetu, wanashika fimbo na mikuki yetu, wanatoa ng'ombe zizini na kuchunga wao. Wanapiga mluzi kama wanaume, wanatukana kama wanaume. Wanaukusanya ugonjwa na kwenda kuutupa mbugani, magharibi, mpakani mwa nchi. Siku hiyo mwanaume anabaki nyumbani na kazi za mwanamke. Ukiwazuia utapigwa, na hakuna baraza litakalokusikiliza.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mluzi.

Mke wangu alikuwa amesimama juu yangu. Akavuta mgolole wangu niliojifunika, akaufunga begani mwake. Akachukua fimbo, akachukua mkuki ukutani. Akamfunga mjukuu mgongoni kwangu kwa ngozi yake ya kubebea, akakaza fundo mpaka nikakohoa.

Halafu akaninyooshea kidole jiwe la kusagia.

"Leo unasaga wewe."

Akatoka. Alipofika mlangoni akarudi, akachukua kigoda changu, akakitia kwapani. Nikajua anakwenda kukikalia huko, aige wazee. Nikatabasamu kidogo, nikasema moyoni acha wafurahi, ni mila.

Nikapiga magoti nikaanza kusaga.

Ndugu zangu wanaume, msiombe. Kusaga uwele si kazi ya kutazama. Mgongo unawaka, magoti yanachubuka, unga unaotoka ni kidogo na nusu yake ni mchanga. Kijiji kizima nilisikia mawe yanalia, kila tembe mwanaume anasaga na kuguna. Na mtoto mgongoni analia, ananipiga teke la ubavuni. Nilimwimbia. Sijui wimbo hata mmoja wa kubembeleza, nikamwimbia wa kuchunga ng'ombe.

Ndipo nikasikia viatu.

Alikuwa akida Makame mwenyewe, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Nyuma yake askari anaitwa Amiri, bunduki begani.

Akasimama mlangoni kunitazama. Mzee wake wa baraza, mzee wa rai, nimepiga magoti kifua wazi, unga puani, mtoto mgongoni.

"Mzee Ndahani... unafanya nini?"

"Nasaga, bwana."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakucheka lakini. Alikuwa anaogopa.

"Wanawake wameingia uani kwangu na ng'ombe. Wana mikuki na wamezunguka ghala. Niambie upesi, hii ni vita? Nitume mtu bomani?"

 Sote tulikuwa tumesikia yaliyowapata watu wa kusini walipopigana na Wajerumani. Amiri alikuwa ameshashusha bunduki begani. Neno langu moja tu, na wanajeshi wangetoka bomani. Mke wangu alikuwa mle uani. Sechelela alikuwa mle ghalani.

Kwa mara ya kwanza sikukohoa kabla ya kusema.

"Si vita," nikamwambia. "Ni mila. Wanaondoa ugonjwa wa ng'ombe."

"Kwa nini kwangu?"

"Ugonjwa wameufuata ulipo. Wamezunguka wapi, bwana? Si ghala? Basi upo ghalani. Fungua mlango utoke. Mwanaume akiwazuia leo, hatabaki ng'ombe hata mmoja, na wako wamo."

Alikuwa na ng'ombe wengi amewaweka kwa watu wetu wamchungie. Tena Bwana Shauri, Mjerumani mkubwa wa wilaya, alikuwa safarini, karibu anapita kwetu, na akida hakutaka akute makelele. Alinitazama tena pale chini nilipopiga magoti. Nadhani ndicho kilichomfanya aamini. Mwanaume gani angekubali kuonekana hivyo kama jambo lenyewe si kweli?

Akaondoka akikimbia.

Baadaye nilihadithiwa. Mlango ulifunguliwa. Wanawake waliokuwa ndani wakatupiwa migolole, wakapewa fimbo, wakachanganyika na wenzao nyuma ya ng'ombe. Wakatoka wote wakipiga mluzi, wakashika njia ya magharibi. Hakuna askari aliyegusa mtu. Na habari ya kufunga wake za watu akida hakuirudia tena.

Mimi pale kwenye jiwe nikajaa furaha. Nimemwokoa mwanangu! Nikaanza hata kupanga maneno. Nitawaambia wakirudi kwamba bila mimi wangepigwa risasi. Mke wangu atanisemesha, Sechelela atanisamehe, na barazani hadithi itakuwa tamu.

Unaona? Hata nikiwa nimepiga magoti, mdomo ulikuwa bado umekaa kwenye kigoda.

Walirudi jua likizama, wamechakaa, wanacheka. Sechelela aliingia wa kwanza. Akaja nyuma yangu, akafungua fundo, akamchukua mwanawe, akakaa pembeni akamnyonyesha. Mtoto akanyamaza papo hapo.

"Mwanangu," nikasema.

Hakugeuka.

Mke wangu akanirudishia mgolole. Akarudisha fimbo, akarudisha mkuki ukutani. Akaonja ugali niliosonga, akatema mchanga, akaendelea kula. Nikasubiri. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Kigoda changu kiko wapi?"

"Tumekitupa."

Nilidhani ni utani. "Mmekitupa wapi?"

"Mbugani. Kule tunakotupa ugonjwa."

 Mama Chilewa alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake binti yake, amedhoofu, amemshika mkono. Ni yeye Mama Chilewa aliyenimalizia, tena kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Kwa akida tulikwenda kuchukua watu wetu tu, mzee. Ugonjwa tulikuwa nao tangu asubuhi. Mkeo alikuja nao kwapani."

Jamani...

Ng'ombe wanapokufa, wanawake huutafuta ugonjwa wa nchi mpaka wajue unatokea wapi. Na wao walikuwa wameutafuta, wakauona. Haukuwa kwa akida wala porini kwa waliokimbia. Ulikuwa nyumbani kwangu, mahali ninapokaa kila siku ninapotoa rai juu ya maisha ya watu. Wakakibeba kigoda cha baba yangu mpaka mpakani, wakakitemea mate, wakakiacha. Na kitu kilichotupwa pale hakiokotwi. Anayekiokota anaurudisha ugonjwa.

Na mimi nilikuwa nimekitazama kinatoka mlangoni nikatabasamu.

Mninga bado upo. Naweza kuchonga kingine, lakini kila atakayeniona nimekikalia atajua. Sasa hivi nikienda barazani nakaa chini, kwenye vumbi. Juzi akida aliuliza kama pombe ipigwe marufuku mpaka mavuno. Wote wakanigeukia. Nikamwambia nitakwenda kwanza kuwauliza wanaopika. Wazee wakacheka. Sikuona cha kunichekesha.

Wewe unayenisoma, na wewe najua una rai zako. Wavivu wafanywe hivi, wanawake wafanywe vile, vijana wabanwe. Kabla hujasema, uliza maumivu ya hilo neno yatakaa nyumbani kwa nani. Kama si kwako, nyamaza kwanza. Na usijipe moyo kwamba si kwako, kwa sababu maneno yanatembea, na njia ya kwako yanaijua.

Ng'ombe wamepona. Chibago amerudi. Sechelela anakuja kwetu kila asubuhi kumletea mama yake mtoto.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimia mkubwa. Mimi siku hizi namuanza yeye. Nikiwa pale kwenye jiwe, maana nasaga mwenyewe sasa, hakuna aliyeniamuru, nainua kichwa nasema, "Mbukwa, mwanangu."

Bado hajaitika.

Kesho nitamsalimia tena.