Fundi Aliyeharibu Pikipiki ya Baba Makusudi

"Toa mkono mfukoni!"

Nilipiga kelele mpaka mama muuza maji akaacha ndoo zake akaja kuangalia.

Fundi hakutoa mkono.

"Baba mdogo, nimesema toa mkono mfukoni!!"

Akautoa polepole... Kiganjani kulikuwa na regulata ya pikipiki ya baba yangu. Ile niliyoitafuta mimi, kwa miguu yangu!

Nilijuaje kuwa ni yenyewe? Mimi nina saluni. Kabla sijaikabidhi niliipaka tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye pembe. Unajua tena mambo ya vipuri, mtu anabadilishiwa huku anaangalia.

Na pale chini ya kiti cha pikipiki, nyingine ilikuwa imeshafungwa. Nyeusi, kuukuu, ya pikipiki ya aina nyingine kabisa!

Jamani... huyu mtu kanibeba mgongoni nikiwa mdogo.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, la sivyo nitawaacha njiani.

Baba yangu ni dereva wa bodaboda. Ametulea kwa kazi hiyo. Marehemu mama alikuwa anaiita ile pikipiki "mke mwenzangu", maana baba akirudi kazini anaipangusa hiyo kwanza, ndipo amsalimie mama. Mama alipofariki tukabaki wawili, mimi na baba. Watatu, ukimhesabu mke mwenza.

Fundi ni rafiki yake wa tangu ujana. Watu wanamwita Koleo, kwa sababu koleo halimtoki mfukoni hata akienda msibani. Mimi namwita baba mdogo, na ndivyo nilivyomjua maisha yangu yote.

Mambo yalianza na taa.

"Hii taa ya mbele imekuwa hafifu," baba alikuwa akilalamika. "Naendesha kama nimejifunika shuka."

Koleo akabadilisha balbu. Baba akarudi, bado analalamika. Koleo akasema labda ni regulata.

Kwa wasiojua, regulata ni kile kidude chenye mapezi ya chuma, kinachopokea umeme kutoka kwenye injini na kuupima kabla haujaenda kwenye betri na taa. Kikifa, betri haipati chaji. Na pikipiki ya baba ni ile aina ambayo betri ikiisha haiwaki, hata upige kiki mpaka mguu uvimbe.

Sasa pikipiki yenyewe ni ya zamani, vipuri vyake havipo tena madukani. Koleo akamfungia regulata ya pikipiki nyingine.

Baada ya hapo ndipo balaa likaingia!

Baba akitoka asubuhi, hafiki stendi, pikipiki imezima. Anasukumiwa mpaka kwa Koleo, anashinda pale kutwa. Jioni Koleo anaichaji betri, anaendesha yeye mwenyewe, baba kakaa nyuma, anamleta mpaka mlangoni. Nikasema moyoni, angalau fundi anaona haya kwa kazi yake mbovu.

Kesho yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo!

Baba akaanza kunyong'onyea. Haongei. Chai anaimimina nje ya kikombe, halafu anakikasirikia kikombe. Akitembea ndani anashika ukuta. Nikajua ni unyonge wa mwanaume aliyekosa kazi. Iliniuma sana, sitawadanganya.

Nikaapa nitaipata regulata ya aina ile ile.

Nilizunguka maduka ya vipuri mpaka kiatu kikaachia soli. Wauzaji wananicheka.

"Dada, hiyo pikipiki ilitakiwa iwe makumbushoni!"

Mwishowe mzee mmoja wa vyuma chakavu akanifungulia moja, nzima, kutoka kwenye pikipiki iliyogongwa. Nilikimbia nayo nyumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Baba akaishika. Akaipapasa kila upande.

"Ahsante, mwanangu. Nitampelekea baba yako mdogo aifunge."

Nilitegemea tabasamu, sikuliona. Na haikupita wiki, nikasikia baba kairudisha pikipiki kwa Koleo tena!

Ndipo nikafunga saluni mchana, nikamwacha mteja kasukwa nusu kichwa, nikaenda kwa Koleo bila kupiga hodi. Nikamkuta ndiyo anakaza nati ya mwisho ya ile regulata nyeusi, na yangu inatumbukia mfukoni.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

Akaokota spana yake chini.

"Unaiuza? Baba alikukosea nini?"

"Nenda nyumbani, mwanangu."

"Mimi si mwanao! Mwizi wewe! Mwizi mkubwa!!"

Watu walikuwa wameshajaa. Wateja wake wakaanza kusukuma pikipiki zao wanaondoka. Koleo akawaangalia tu, hakumwita hata mmoja. Akaniwekea regulata mkononi.

"Kama ni lazima ifungwe, ifungwe. Ila nakuomba kitu kimoja. Baba yako asiiendeshe."

"Unamtishia baba yangu?!"

Niliisukuma ile pikipiki mwenyewe, jasho linanitoka, machozi yananitoka.

Fundi wa mtaa wa pili ni mtu wa maneno mengi. Alipofungua kiti, maneno yakamwisha.

"Dada, aliyefunga hii si mjinga."

"Kivipi?"

"Soketi imeingia vizuri, ungedhani ni yenyewe. Lakini nyaya amezihamisha kwa mkono ili betri isipate chaji. Makusudi kabisa."

"Nilijua! Nilijua mimi!"

"Ila ngoja kwanza... Angalia alivyozizungushia tepu. Hakuna hata mmoja uliochubuka. Mtu anayekuharibia kitu chako hawezi kukifunga kwa adabu namna hii."

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshamhukumu mtu kichwani. Akafunga yangu, akapima betri huku injini inanguruma, akasema iko safi. Akaiendesha yeye mpaka kwetu, mimi nyuma.

Baba alikuwa uani, redio sikioni.

"Baba! Imepona!"

Akazima redio.

"Nani ameitengeneza?"

Nikamwaga yote. Koleo, mfuko, nyaya, kila kitu! Nilitegemea apandishe hasira. Akauliza jambo moja tu.

"Umemwita mwizi mbele za watu?"

"Ndiyo! Si ni mwizi?"

Akajishika kichwa.

Majirani walishatoka nje. Wanampenda baba.

"Mzee, iwashe tuisikie!"

"Leo tunapanda bure!"

Nilikuwa nacheka, napiga makofi, namvuta mkono. Baba akasimama katikati ya vicheko vile, uso umemshuka. Mimi nikaona ni haya ya furaha tu.

Akaipapasa pikipiki kuanzia kiti mpaka usukani. Akakaa. Akawasha. Injini ikaitika mara moja, na taa ikapiga ukuta wa jiko mpaka ukaonekana mweupe, mchana ule!

"Taa inawaka?" akauliza.

"Si unaiona, baba!"

"Eeh... naiona."

Nikarukia kiti cha nyuma.

"Nipeleke saluni, kama zamani."

"Shuka."

"Baba jamani..."

"Nimesema shuka!"

Tangu nizaliwe hajawahi kuninyima kiti cha nyuma. Nikashuka, nimenuna kabisa.

Akatoka polepole. Ile njia anaijua, ameipita maisha yake yote. Akanyoosha, akapita duka la jirani, watu wanashangilia.

Pale kwenye kona kulikuwa na mkokoteni wa magunia ya mkaa. Siku nyingine zote haukai pale.

Baba hakupunguza mwendo. Hakushika breki. Hakukwepa hata kidogo...

"BABAAA!!"

Nilipofika alikuwa amelala ubavu, damu inamtoka kwenye paji la uso, bega limelegea vibaya. Jua lilikuwa kali. Nilipiga magoti mbele ya uso wake, karibu pua zetu zigusane.

Akanyoosha mkono. Akapapasa gunia la mkaa.

"Mwanangu... uko wapi?"

Ndugu zangu, macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yananiangalia mimi! Nililia mpaka sauti ikakata.

Koleo alikuja anakimbia, sijui nani alimwambia. Akapiga magoti kwenye vumbi la mkaa, anahema. Baba akamtambua kwa kule kuhema tu.

"Umechelewa, ndugu yangu," akamwambia. "Huyu mtoto kanifungia kifaa kizuri."

Akajaribu kucheka. Koleo alikuwa analia waziwazi, mtu mzima yule, mbele ya mtaa mzima.

Hospitali walifunga bega, wakashona paji la uso, halafu wakamwita daktari wa macho. Akammulika jicho la kwanza, akahamia la pili, akaweka tochi mezani. Presha ya macho. Imekuwa ikimla kidogo kidogo, inaanzia pembeni, inaingia katikati. Kilichopotea hakirudi. Angeletwa mapema, alisema, wangeokoa kilichokuwa kimebaki.

Tulikaa na Koleo kwenye benchi la nje. Nilishindwa hata kumtazama.

"Alikuja analalamika taa," akaanza. "Balbu mpya, bado. Nikamfungia regulata ya pikipiki nyingine, yenye nguvu zaidi. Taa ikawa kali mpaka mimi nikageuza uso. Nikaiingiza stoo, nikafunga mlango kuwe giza. Nikamuuliza, vipi sasa?"

"Akasemaje?"

"Akasema bado hafifu."

Akafuta macho kwa kitambaa chake cha grisi.

"Nikajua taa haina ugonjwa. Nikamwambia twende hospitali, akanigeukia mkali, siku ile hatukuongea tena. Sijawahi kugombana na baba yako, mwanangu. Nikaogopa. Nikahamisha nyaya, nikaona afadhali pikipiki ndiyo imkatalie, kuliko mimi."

"Na nilipokuita mwizi? Ungesema tu!"

"Niseme nini pale kijiweni? Kwamba dereva mwenzao haoni?"

Nilimshika miguu. Akaniinua.

"Ulimtetea baba yako. Ningekuwa wewe, ningenipiga na spana."

Siku iliyofuata nilikwenda kwake, nikasimama mbele ya watu walewale, mama muuza maji akiwepo, nikamwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomtukania. Wateja wengine wamerudi. Wengine hawajarudi.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha.

Baba aliporudi nyumbani, mkono umefungwa kifuani, nilikaa kitandani kwake. Nikaona ana haki ya kujua.

"Baba, Koleo alikuwa anakuharibia pikipiki ili usiendeshe."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Unajua...?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimeendesha maisha yangu yote, nitashindwa kujua pikipiki isiyopata chaji?"

"Na macho je?"

"Macho ni yangu mimi. Ningekosaje kujua?"

"Sasa kwa nini siku ile ulipanda, baba?"

"Ulikuwa unacheka. Tangu mama yako aondoke sijakusikia ukicheka vile."

Nilijikaza nisilie, nikashindwa.

"Na kwa nini kila siku ulikuwa unairudisha kwa Koleo, ikiwa unajua anachokifanya? Mpaka ile yangu ukampelekea mwenyewe!"

Mkono wake mzima ukanitafuta, ukanipata begani.

"Mwanangu, mwenye pikipiki mbovu bado ni dereva. Watu wanampita wanamuuliza, vipi mzee, fundi anasemaje? Anakaa na wenzake, anamlaumu fundi, anasema kesho itapona. Ulipoitengeneza, nikawa kipofu."

Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

Nyinyi mnaosoma, mnaotaka kuandika pole kisha mpite, ahsanteni. Lakini kabla hamjapita, wakumbukeni wazee wenu. Mzazi akianza kulalamika kwamba taa hafifu, simu haina mwanga, nyumba ina giza, usikimbilie dukani. Kaa naye. Mshike mkono mpeleke wakampime macho, mapema, hata akikununia, hata akigoma kuongea na wewe mwezi mzima.

Mimi nilimpelekea regulata.