Uji wa Mzee wa Kofia Nyekundu

"Kipketer, panga vitu zako uende!!"

Hiyo ni sauti ya Uncle Mburu, asubuhi ya Krismasi, mbele ya boma nzima...

Kabla mnihukumu, wasee, jueni kitu moja: mimi Kahiga sijawahi chomea rafiki, yaani kumsaliti. Uliza Subukia yote!

Sasa skiza.

Shamba yetu ilikuwa ya mzungu wa Denmark. Alipoenda kwao aliacha zizi, na ndani ya zizi mzee mfupi wa kofia nyekundu. Haonekani. Analinda ng'ombe. Mshahara wake ni bakuli ya uji wa mchele kila Krismasi, siagi juu.

Ukimnyima? Ng'ombe watakuambia.

Shosh, nyanya yangu, alifunzwa hayo na mamake, aliyekuwa mpishi wa huyo mzungu. Kanisa tunaenda, lakini uji lazima!

Sasa kulipopambazuka nikapitia zizini, nikapata bakuli imeshawekwa. Siagi inayeyuka, inaniita kwa jina... ningefanya nini?

Nililamba mpaka maua yaliyochorwa kwa bakuli yakang'aa.

Saa moja Kipketer, mkamuaji wetu, akapiga nduru. Ng'ombe watatu, mikia imesukwa pamoja kama nywele za bibi harusi!

"Mzee hakula!" Uncle akanguruma. "Nani alikula huo uji?"

Kipketer akanitazama. Huyu ndiye alinifunza kukamua. Siku nilimwaga mtungi mzima wa maziwa, alisema ni yeye.

"Kahiga, wewe si ulitangulia kuingia huku? Sema kitu, ndugu yangu."

"Mimi? Nilikuwa nimelala fofofo! Kwanza nilimuona yeye akipanguza mdomo."

Hapo ndipo Uncle akamfukuza, vile mlisikia mwanzo...

Kipketer akavua gumboots za shamba, akazipanga kando ya mlango, akasimama na soksi kwa matope.

"Vaa viatu, Kipketer." Ni Shosh. "Kahiga, siagi ilikuwa tamu?"

"Siagi gani, Shosh?"

Akatoa kijiko kwa leso.

"Huo uji nimekula mimi miaka thelathini na nane. Wafanyakazi wakiogopa mzee, hakuna maziwa inapotea. Leo nikikuja kula wangu, nikakupata ukilamba bakuli. Nikanyamaza nione kama utasema."

"Shosh, si ungeniita tu..."

"Nimekupatia asubuhi nzima useme!"

Uncle akakuna kichwa. "Na mikia, Mami? Nani alisuka?"

Shosh akaangalia paa ya zizi kidogo.

"Hiyo hata mimi sijui. Najua tu aliyelamba bakuli."

Wote wakanigeukia. Kipketer pekee ndiye hakuniangalia. Alikuwa ameinama, anavaa gumboots, polepole, mguu mmoja halafu mwingine.

"Boss wangu, ilikuwa jokes," nikamwambia.

Akachukua ndoo, akanipita kama anapita nguzo ya zizi.

Wasee, kosa ukimtwika rafiki, litarudi kwako tu. Yeye hatarudi.