Vidole Vinne Juu ya Alama

Hadithi hii nilipewa na wifi yangu, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa mwisho wa barabara ya pwani. Ilikuwa mvua za mwaka jana, wageni hakuna, tunakunja mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu. Yeye aliipata kwa fundi mwenyewe.

Fundi huyo alikuwa wa baiskeli. Mchana mmoja wa pilikapilika, mbele ya lango la soko, alimwona msichana wa gauni la manjano amekwama na baiskeli katikati ya njia, honi zikimpigia huku na huku. Pindo la gauni lilikuwa limeliwa na mnyororo.

"Kaka, una kisu? Kata tu nipite!"

"Gauni kama hili halikatwi, dada. Shika usukani."

Akapiga magoti, akazungusha pedali kinyumenyume, taratibu, nguo ikatoka na doa la grisi kama kiganja.

"Kazi yako nini wewe?"

"Nauza miwani."

"Unauza miwani na mnyororo huuoni?"

Msichana akaangua kicheko pale pale barabarani. Toka siku hiyo jina lake likawa Miwani, na jioni simu hazikauki sikioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeniwaza?"

"Nikuwaze na nimeshiba?"

"Kata simu basi!"

"Kata wewe."

Wala hakukata mtu.

Msimu wa wageni ukiisha, walikuwa wanachukua baiskeli zao na kuifuata barabara ya pwani. Wakati huo miji ile mikongwe huwa yao peke yao: hoteli zimefunga madirisha, viti vimepandishwa juu ya meza, mizinga ya ngome inatazama bahari na hakuna wa kuipiga picha. Safari ya mwisho walipanga wafike mji wa tatu, barabara inakoishia. Vyumba viwili walishaagiza kwa wifi yangu. Huko ndiko Fundi alikusudia kumwomba wafunge ndoa; pete aliificha ndani ya kopo la viraka vya pancha.

Asubuhi ya safari akaikagua baiskeli ya Miwani. Mkono ukakwama kwenye kiti. Kiti kile alikifunga mwenyewe kwa kipimo cha miguu ya Miwani, akakwaruza alama kwenye bomba. Sasa kilikuwa juu ya alama vidole vinne. Anayekaa hapa ni mtu mrefu. Mwanamume. Tena si mara moja, maana nati imefunguliwa na kufungwa hadi rangi imebanduka.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye ufundi wake ulishamjibu. Akakishusha kiti, akakaza nati, akanyamaza.

Siku hiyo aliendesha mbele, hageuki nyuma. Mji wa kwanza wakaupita kama wanafukuzwa. Kwenye lango la mawe la mji wa pili Miwani akamfikia, anahema, skafu ya kijani imemteleza shingoni.

"Mpenzi, una nini?"

"Sina kitu."

"Nimekukosea?"

"Unajua mwenyewe."

"Najua nini? Niambie basi na mimi nijue!"

"Huko mbele nenda na mwenzio." Akageuza baiskeli.

"Mwenzangu nani? Fundi! Nani?"

Alisikia vizuri. Akazidi kukanyaga pedali. Simu zake hakupokea, ujumbe akaufuta bila kuusoma, mwisho navyo vikakoma.

Wageni wakaja, wakaondoka. Ndipo mzee mmoja akafika kibandani kwa Fundi, mrefu kama mlingoti, anavuta mguu wa kushoto, anasukuma baiskeli ile ile.

"Kijana, breki hazishiki. Hebu tazama." Akapanda. Miguu ikakaa sawasawa. Fundi akatazama kiti: vidole vinne juu ya alama.

"Mzee, baiskeli hii..."

"Ya binti yangu. Amehamia mbali, kaniachia. Nilikuwa najifunza nayo uani alfajiri, baada ya mguu huu kupooza. Alikuwa na mchumba wake, basi nikataka kumshtua kijana: nitangulie kwa basi mji wa tatu, niazime baiskeli, wanikute langoni mkwe mzima juu ya kiti! Binti nikamwapisha asiseme." Akacheka, kisha akaacha. "Kijana akamwacha njiani. Naye alikuwa fundi kama wewe, eti. Unamfahamu?"

"Nilikuwa namfahamu," Fundi akasema.

Mzee alipokwisha kuondoka, akapiga simu.

"Ni mimi."

"Najua."

"Nimemwona baba yako. Amepanda baiskeli."

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Miwani, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulichodhani nilikijua, nimeshakaa langoni nalia, nilipoona kiti umekishusha. Nilikupigia nikueleze mpaka nikaona haya. Ungeuliza tu, Fundi. Nani. Basi."

"Nije?"

"Nimechumbiwa."

Likamtoka hilo tu: "Anajua baiskeli?"

"Hata pancha hajui kuziba. Lakini asichokijua anauliza." Kisha, polepole: "Kata simu, Fundi."

"Kata wewe."

Miwani akakata.

Kesho yake Fundi akaifuata barabara ya pwani mpaka mwisho. Wifi yangu akamfungulia.

"Peke yako, mwanangu?"

"Peke yangu, mama."

Akayasema yote mezani, chai inapoa, kopo la viraka mbele yake. Hakulifungua. Jua halijazama, akajitupa kitandani na viatu vyake. Wifi alipompelekea blanketi alimkuta macho makavu, anatazama dirishani.

"Mama, barabara inaishia hapa kweli?"

"Hapa hapa, baba. Mbele ni maji matupu."

Akageukia ukutani. Wifi akamvua viatu, kimoja, na cha pili, naye alikuwa ameshalala.