Viwanda Vidogo Ndani ya Mifupa ya Pamba

Mwanga wa asubuhi ulijaa chumba cha fundi cherehani. Vumbi la vitambaa lilielea taratibu, kana kwamba limesahau kuanguka. Chini ya meza, binti yake alikuwa akivivisha vifungo kofia za matambara. Walimwita Pamba, maana alizaliwa na viganja vyeupe pe. Damu haikumtosha.

Siku hizi viganja vilikuwa na rangi. Leo ilikuwa siku ya kliniki, lakini fundi, mama yake, alishaamua kutokwenda.

Jirani yake, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuja kuchukua sare aliyoleta ishonwe.

"Hamjaondoka tu?"

"Aa, dada, mtoto kapona. Hata vidonge vyake vya kila siku nataka aache."

"Weee! Vidonge vile haviachwi ghafla! Nani kakwambia kapona?"

"Macho yangu."

"Macho yako yanaona mpaka ndani ya mfupa?"

Fundi akacheka.

"Kila seli ya mwili ina viwanda vidogo mno," muuguzi akasema. "Vinaitwa ribosomu. Humo ndimo protini hutengenezwa. Pamba alizaliwa na hitilafu: viwanda vyake haviundwi sawasawa. Seli changa za damu, huko ndani ya mifupa zinakozaliwa, zikikwama hivyo, hujizima, zikafa. Ndiyo maana damu ilikuwa haba, mpaka vidonge vilipoisaidia."

"Masikini! Zinajiua?"

"Ndivyo mwili unavyojilinda. Hatari ni seli itakayoharibika zaidi, ikapuuza amri ya kufa, ikazaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani."

Mkasi ukamponyoka fundi. "Mwanangu ana saratani?"

"Hapana, na huenda asiipate kamwe. Ila hatari yake ni kubwa kuliko ya wenzake. Anapimwa ili ikianza, tuiwahi."

Fundi akafumba macho. Akaiona mifupa ya Pamba kama mtaa mrefu wa vyumba vya mafundi, taa nyingine zikiwaka, nyingine zikizimika bila kelele. Akatamani apite huko akinyata, agonge kila mlango, aulize: mmeamkaje humu?

"Pamba, vaa viatu."

"Watanitoa damu?"

"Kidogo tu."

"Wataniachia nyingine?"

Huko kliniki, daktari alisoma majibu. Damu imepanda. Hakuna seli ya kutia shaka. Akapunguza vidonge kidogo, akapanga siku ya kurudi.

"Tutakuja," mama akasema, "hata akiwa mzima kama chuma."

Nje, Pamba alikimbia mpaka getini. Zamani angeketi njiani. Mama alimfikia akihema.

"Kaa upumzike, mama," Pamba akamwambia. "Nitakungoja."