Tiki ya Binti wa Nguzoni

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kengele ya kutoka shuleni ikishalia, Karani hakwenda nyumbani. Alikatiza nyuma ya maktaba ya chuo kikuu, akapita hosteli za wanafunzi, mpaka kwenye ukumbi wa mazoezi ambako mama yake alifanya kazi ya usafi. Alivua viatu mlangoni, maana ole wake atakayekanyaga sakafu ya mama ikiwa bado mbichi. Kisha aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafanya kazi zake za shule mpaka saa kumi na moja jioni.

Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri. Jina hilo alipewa siku mwalimu wa mazoezi, mwanamama ambaye wote walimwita Kocha, alipomkabidhi daftari la mahudhurio.

"Wewe hapo kwenye ndoo," Kocha alimwambia, "huna kazi, na mimi sina macho kisogoni. Anayeingia mwekee tiki. Asiyeingia, acha nafasi yake wazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Basi kuanzia leo wewe ndiye karani wetu."

Wanachuo wakacheka, na jina likaganda. Karani aliipenda kazi ile. Akiwa pale mlangoni alizoea kuwauliza maswali. Siku moja aliwauliza kwa nini wanakuja kurukaruka na huku wana vitabu vya kusoma.

"Uulize mgongo wangu," alijibu kijana mmoja mrefu aliyesomea uhandisi. "Kutwa nzima nimekunjwa kwenye kiti kama mwavuli. Nisipokuja hapa, usiku unanililia."

"Mimi nilikuja kupunguza tumbo," alisema mwenzake wa kike. "Tumbo limegoma, lakini nimepata marafiki. Basi nimebaki nalo na nimebaki nao!"

Wa mwisho kujibu alikuwa msichana mpole aliyezoea kusimama safu ya nyuma kabisa, ubavuni mwa nguzo kubwa ya ukumbi. Kwa sababu hiyo walimwita Binti wa Nguzoni. Aliongea polepole, kama mtu anayepima maneno yake.

"Ninakokaa, naweza kumaliza siku tatu pasipo mtu kuniita jina," alisema. "Mwenzangu wa chumbani amekwenda mafunzo ya kazi. Lakini hapa nikikosa, kuna anayeona."

Alisema kweli. Kocha alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata mvua inyeshe. Mtu akikosa mara mbili mfululizo, wenzake wawili walitumwa jioni ile ile kwenda kugonga mlango wake. Mara nyingi walimkuta mvivu amejifunika shuka gubigubi, wakamvuta miguu, wakarudi wakicheka. Mara moja walimkuta kijana ameteguka kifundo, hajala tangu asubuhi. Kocha alijua nani wa kutumiwa watu kwa kulitazama daftari tu.

Sasa, mambo ya nyumbani kwa akina Karani hayakuwa mazuri. Baba yake, fundi wa magari, alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Alikohoa muda mrefu, na kila alipoulizwa alisema, "Sijambo, ni vumbi la gereji tu." Tangu azikwe, mama hakucheka. Alipika, alifua, alimuuliza Karani habari za shule, lakini sauti yake ilikuwa imepungua kitu. Usiku alikaa akitazama kiti alichozoea kukalia baba.

Ni ukumbini tu alikocheka. Kocha alikuwa amemwambia, "Shoga, weka ndoo chini, njoo unyooshe viungo." Mama akajiunga na safu ya nyuma, karibu na nguzo. Muziki ukianza, Karani alisikia kutoka nyuma ya nguzo ile kicheko cha mama yake, kile cha zamani kabisa, cha enzi za baba. Hakuona kilichomchekesha, maana nguzo ilikuwa nene. Alisikia tu, na moyo wake ulitulia. Alifunga daftari akajiambia kwamba mazoezi haya yasikome kamwe.

Basi mitihani ikakaribia, watu wakaanza kupungua. Ikaja barua kutoka ofisi ya michezo. Kocha aliisoma mbele ya wote: darasa lolote ambalo mwezi huo halitafikisha wanachuo ishirini kila siku ya mazoezi litafutwa, na ukumbi watapewa wengine. Kocha aliikunja barua akaitia mfukoni. Karani alilikumbatia daftari lake kifuani, na jioni ile hakufanya hata hesabu moja.

Jumatatu iliyofuata alihesabu walioingia. Kumi na tisa. Akahesabu tena, kumi na tisa. Aliyekosekana alikuwa Binti wa Nguzoni, mtu asiyekosa hata siku moja. Karani alitazama huku na huku. Atakuwa amechelewa kidogo tu, alijisemea, na Jumatano atakuwepo. Akaweka tiki. Tiki yenyewe ndogo, nzuri, kama zote.

Jumatano Binti wa Nguzoni hakutokea.  Akiacha nafasi wazi, ni kumi na tisa, na darasa limekufa. Karani akaweka tiki ya pili. Kocha, ambaye siku zote hakuweza kumwona msichana yule nyuma ya nguzo, alilitazama daftari, akaona wote wapo, akalifunga. Wanachuo wengine vichwa vyao vilijaa mitihani. Jioni ile hakuna aliyetumwa kugonga mlango.

Lakini mama aliona.

"Jirani yangu wa nguzoni yuko wapi?" aliuliza wakati wakirudi nyumbani.

Uongo bwana, ukishauzaa mmoja, unadai mwenzake. "Amehamia darasa la asubuhi, mama," Karani alijibu. "Aliniambia."

Mama alipunguza mwendo. "Hata kuniaga hakuniaga, jamani?"

Ijumaa Karani aliweka tiki ya tatu, akategea sikio kile kicheko. Hakikuja. Aliponyanyua macho alimwona mama ameketi kwenye benchi, dekio lake mkononi, anatazama miguu ya watu ikirukaruka. Darasa lilikuwa limeokolewa, watu ishirini kamili kwenye karatasi, na mama hacheki. Karani hakuelewa. Jumamosi na Jumapili chakula kilimshinda.

Jumatatu alipofika ukumbini alimkuta mama anakunja taulo ya kijani. Ilikuwa ya Binti wa Nguzoni, aliyoisahau kwenye msumari wa ukutani.

"Nimemfulia," mama alisema. "Nitamwachia mwenzangu wa zamu ya asubuhi ampe." Halafu sauti ikamkatika, akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi mtu mzima nalilia nini? Nilidhani tumekuwa ndugu, mwanangu. Kumbe mtu anaweza kuondoka hivi hivi."

 Muziki ulikuwa umeshaanza. Karani alipiga moyo konde, akapita katikati ya watu waliokuwa wakiruka, akaenda moja kwa moja kwenye spika na kuizima. Wote wakasimama, mikono hewani.

"Kocha, nimedanganya," alisema, na machozi yakamtangulia. "Binti wa Nguzoni hakuhama. Hayupo. Nilimwekea tiki mimi, ili tufike ishirini."

Kocha hakumfokea. Aliuliza swali moja tu: "Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita."

Filimbi ilimdondoka Kocha mkononi. Alikuwa ameshafika mlangoni kabla haijatulia sakafuni. Kijana wa uhandisi alimfuata, mama akafuata na taulo yake begani, Karani nyuma yao, miguu mitupu. Walipanda ngazi za hosteli hadi ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho. Kocha aligonga. Kimya. Aligonga tena kwa ngumi, akaita. Ndani ikasikika sauti ndogo ambayo haikuwa neno.

Kijana alisukuma mlango kwa bega, komeo likaachia. Binti wa Nguzoni alikuwa amelala kwenye godoro, midomo imepasuka, anapumua kwa shida. Jagi la maji lilikuwa tupu. Simu yake ilikuwa sakafuni, imeisha chaji. Mama alipiga magoti akamshika paji la uso, akaondoa mkono haraka.

"Mama wee! Mtoto anaungua huyu!"

Msichana alifumbua macho. Alipomtambua mama alijaribu kutabasamu.

"Nilijua mngekuja," alisema kwa taabu. "Jumatano nilisikia nyayo kwenye ngazi, nikasema ndio nyie. Alhamisi pia nikasikia. Kila jioni nilisikiliza."

Karani alisimama mlangoni akatamani ardhi ipasuke immeze.

Hospitalini daktari alisema ni homa ya mapafu, na kwamba lau wangechelewa siku moja au mbili zaidi angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia. Msichana alipona, lakini kupona kwenyewe kulichukua majuma. Mitihani ilianza ikaisha yeye akiwa wodini. Mjomba wake alisafiri kutoka mbali kuja kumchukua, apumzike nyumbani mwaka mzima kabla ya kurudi kuanza upya mwaka wa masomo aliokuwa amekaribia kuumaliza.

Karani alikwenda kumwomba radhi kabla hajaondoka. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakapotea. Alilia tu. Binti wa Nguzoni alimshika mkono.

"Nimekusamehe," alisema. "Uliposema kweli, nilikuwa bado hai kuisikia. Hilo nashukuru."

Gari la mjomba lilipotoka getini, Karani na mama walibaki kwenye benchi la hospitali.

"Nilitaka darasa lisifungwe," Karani alisema, "kwa sababu pale ndipo unapocheka. Nyumbani hucheki, mama. Tangu baba afe."

 Mama alimvuta binti yake kwapani.

"Ndiyo maana! Maskini mwanangu. Sikia nikwambie. Haukuwa ukumbi ulionichekesha, wala muziki. Alikuwa ni yule msichana. Kila Kocha aliposema kushoto, yeye alikwenda kulia tukagongana, naye ananinong'oneza, 'Samahani mama, miguu yangu haijasoma.' Siku nyingine namwambia habari za baba yako, ananisikiliza. Kicheko kile kilikuwa chake. Wewe ulikilinda kwenye karatasi, na mwenyewe analala kule, jagi tupu."

Karani alijifunika uso kwa mikono miwili. Mama aliiondoa taratibu.

"Sikuambii haya ili nikuumize. Baba yako alituambia hajambo mpaka mwisho, nasi tukaandika hajambo mioyoni mwetu. Uongo hata ukiwa wa mapenzi unafunga macho ya wanaoweza kusaidia. Jina la mtu likiwa mikononi mwako, mwanangu, sema kweli juu yake. Kama yupo, sema yupo. Kama hayupo, sema hayupo, hata kweli hiyo ikikugharimu unachokipenda. Hapo ndipo mtu anaweza kwenda kugonga mlango."

Na kweli iligharimu. Kocha alipeleka ofisini hesabu halisi, na mwezi ulipokwisha darasa likafutwa, ukumbi wakapewa wacheza mpira wa meza. Kocha hakubishana. Aliwahamishia wanafunzi wake kwenye majani nyuma ya ukumbi, spika juu ya kiti, watu kumi na nne. Mama aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, naye akimaliza kupiga deki hutoka nje kujiunga nao. Hajacheka bado kama zamani. Lakini hutoka.

Siku ya kwanza ya majani, Karani alisimama mbali, mikono nyuma. Kocha alimwendea akamnyooshea daftari lile lile.

"Mimi tena?" Karani aliuliza.

"Nani mwingine anajua uzito wake kama wewe?"

Karani alilipokea. Aliweka tiki kwa mmoja mmoja, polepole, akimtazama kila mtu usoni kwanza. Alipofika kwenye jina la Binti wa Nguzoni kalamu ikasita. Mama alikuwa amemkaribia, anajifunga kanga kiunoni.

"Jirani yangu leo?" mama aliuliza.

"Hayupo, mama."

"Basi iache wazi," mama alisema. "Jumapili tutampigia simu, tumuulize anaendeleaje."