Tundu Nyuma ya Chumba cha Nyuzi

Mshonaji wa mtaa wetu hakuwa mtu wa kuogopa mizimu. Siku ile alifika ofisi ya ramani akiwa na penseli, karatasi ya kunakilia, na hasira zake. Ilikuwa safari ya tatu. Alitaka jambo moja tu: kujua bibi yake alizikwa wapi. Bibi alifanya kazi kiwanda cha nguo. Moto ulipozuka, waliokufa walifukiwa mlemle uani, baadaye kiwanda kikabomolewa. Sasa mama yake mshonaji alikuwa hoi kitandani, na neno lake lilelile: "Nionyeshe alipolala mama, nami nilale."

"Penseli tu," mzee mtunza ramani alisema. "Kidole marufuku."

Ramani ya kwanza: bwawa, bomba la moshi, nyumba za vibarua, vyote vipo. Nyuma ya chumba cha nyuzi, pale uani, tundu. Ya pili, tundu palepale. Ya tatu, vilevile. Jamani! Mtu apande gari mbili kuja kutazama matundu?

"Panya hawa?"

"Panya gani anayejua kusoma ramani?" mzee akajibu, akaenda kuleta ya nne.

Uvumilivu ukamwisha mshonaji. Akatia kidole kwenye tundu. Chini ilipaswa kuwa meza. Haikuwa meza. Zilikuwa nywele. Zina joto.

Akachomoa mkono. Mzee alikuwa mlangoni.

"Umemgusa," alinong'ona. "Kimbia nyumbani, mwanangu."

Jirani aliyemwachia mgonjwa alikuwa barazani. "Hajaingia mtu," alisema. "Ila mama anacheka tangu saa nane."

Mama alikuwa ameketi, yeye ambaye mwezi mzima hakuinua hata shingo. Nusu ya kichwa imesukwa mistari ya kizamani, kwa uzi mweupe wa pamba.

"Mama kaja kunisuka," alinong'ona kwa furaha. "Kasema wewe ndiye uliyemfungulia. Atarudi kumalizia huku."

Mshonaji akashika mkasi, akakata nyuzi zote, akifoka huku analia. "Sikumwita aje! Nilitaka kujua alipo, basi!"

Akafunga mlango kwa komeo, akaketi ameushika mkono wa mama yake. Hakulala. Anaapa hakulala.

Kulipopambazuka, mkono ule ulikuwa wa baridi. Kichwa kilikuwa kimesukwa chote.

Mshonaji akavua kilemba chake ajifutie machozi. Vidole vikagusa msuko mmoja, juu ya sikio lake mwenyewe. Uzi wake ulikuwa bado na joto.